Sifa za Mashine Kuukuu ya Boti

Watu wa pwani hatuna ubahili wa sifa. Mnazi tumeusifu kuanzia kilele hadi mizizi, jahazi tumelisifu omo hadi tezi, na bibi harusi hatuchoki kumsifu hadi ubwabwa uive. Lakini pita soko la samaki la Bagamoyo maji yakiwa yamekupwa, utamwona kiumbe ambaye hajatungiwa hata ubeti mmoja: mashine kuukuu ya boti, imelazwa ubavu juu ya gunia, kofia imevuliwa, matumbo yako nje, na wanaume wameizunguka wakiitukana kwa zamu. Serikali ikiitaja huiita injini ya kupachika. Sisi tunaiita mashine tu, na ikigoma tunaiita majina ambayo mhariri hawezi kuyapitisha. Leo nimekuja kuisifu, na sitakopesha sifa, nitalipa taslimu.

Ninayo moja nyumbani. Inakaa uani chini ya mwarobaini, imefungwa kwenye kigogo ili isimame wima. Ni ya zile za zamani zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na moshi wake unajulikana mtaa mzima. Jina la kiwanda lilikuwa kwenye kofia, na kofia ilichukuliwa na upepo wa kusi. Mahali pake pana dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililokatwa nusu. Kabureta ilitoka kwenye mashine nyingine, koili inasemekana ilikuwa ya pikipiki, na mkono wa kuendeshea ni kipande cha bomba la maji. Wanaohubiri umoja wa kitaifa waje waone makabila mangapi yanaishi humo bila ugomvi. Ugomvi wao wameuhifadhi kwa ajili yangu.

Anayeidharau hajui nasaba yake. Ole Evinrude alizaliwa Norway mwaka 1877, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, na mwaka 1909 akaanza kuuza mashine za boti mjini Milwaukee. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto kali alipiga makasia kuvuka ziwa kumletea mchumba wake aiskrimu, na aiskrimu ikafika imeshakuwa uji. Hapo ndipo wazo likamjia. Kumbe asili ya mashine hii ni mapenzi, jasho, na bidhaa iliyoharibika njiani! Mapenzi na jasho sina hakika kama yangu ilirithi. Hilo la tatu ililirithi kamili, na samaki wangu ni mashahidi. Miongo mingi baadaye fedha za Wanorwe zikafika hapa jirani, zikakikuza chuo cha uvuvi cha Mbegani kuanzia miaka ya 1970. Nchi ya barafu na pwani ya mikoko zilikuwa na jambo la kuzungumza, na jambo lenyewe lilikuwa linanuka petroli.

Bagamoyo ndiyo mahali hasa pa kuithamini, kwa sababu bahari yetu ni ya kina kifupi. Wajerumani waliweka makao yao hapa, halafu mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Sisi tuliobaki tumebaki na mchanga, na mchanga haujali cheo cha nahodha. Maji yakikupwa siku za bamvua, boti inakaa chini na bahari inakwenda zake. Ukikosea saa kidogo tu, propela inalima, ikitoka kwenye mchanga inakutana na mwamba, kisha unasikia mlio mmoja mkavu. Baada ya hapo mashine inalia kwa nguvu zote na boti haisogei hata shubiri.

Hapo ndipo napenda kusimama kidogo, maana hiyo ndiyo sehemu tukufu kuliko zote. Katika mashine nyingi ndogo za zamani, propela na shafti vimeunganishwa kwa kipini chembamba cha shaba, kifupi kuliko kidole cha mwisho. Kimefanywa laini makusudi. Propela ikigonga kitu, kipini kinakatika, shafti inazunguka peke yake, na gia zilizo ndani, ambazo bei yake ni ya kukaa kitako kwanza kabla ya kuisikia, zinapona. Kazi ya kipini maisha yake yote ni kungoja siku ya kufa. Wazee wanaojua hubeba vya akiba vimefungwa kwenye kitambaa. Wasiojua, nao ni wengi, hutia msumari wa inchi nne uliokatwa. Msumari haukatiki, wanashangilia, wanasema kiwanda kilikuwa kijinga. Mwamba ukija tena, msumari unabaki mzima na gia zinasagika. Nimeona watu wazima wakiutazama msumari huo kwa fahari hali mashine imekwisha.

Nina mpwa Kanada. Huko theluji hufunga milango, na katika miji mingi mwenye nyumba anadaiwa kusafisha njia yake. Amenunua kwa bei ya kutupa mashine kuukuu ya kutupa theluji, kitu ambacho Arthur Sicard wa Quebec alikitengeneza mwaka 1925: parafujo kubwa ya chuma mbele inakusanya theluji, feni inairusha mbali kupitia bomba. Mimi barafu naijua ya kwenye friza ya samaki tu. Lakini alipoigeuzia kamera ya simu nikacheka peke yangu uani. Kamba ile ile ya kuvuta. Kabureta ile ile. Plagi nyeusi vile vile.

"Shikamoo mjomba. Imegoma."

"Marahaba. Plagi umeitoa?"

Tukakaa usiku mzima wa kwetu, jioni ya kwao, tukitengeneza. Na parafujo yake nayo ina vipini vya kukatika, kwa ajili ya jiwe au bonge la barafu lililojificha chini ya theluji! Alikuwa tayari ameshika bolti ngumu mkononi. Nikamwambia, acha mwanangu, hiyo bolti naijua, huku kwetu inaitwa msumari wa inchi nne.

Sasa elimu. Mashine nzima haifundishi mtu kitu. Mbovu ni chuo. Oili na petroli huchanganywa kwa kipimo, na kwa nyingi za aina hii ni sehemu moja kwa 50: dumu la lita tano linataka mililita 100 za oili. Ukizidisha, moshi unafunika mtaa na plagi inalowa masizi. Ukipunguza, pistoni inakamata ndani ya silinda na hapo hakuna dua. Watoto wa nyumba hii walijua uwiano kabla mwalimu hajafika kwenye sura hiyo, na walijua pia kwamba jibu likikosewa kuna mtu atarudi kutoka baharini akipiga kafi.

Na kabureta! Ndani yake mna tundu linaloitwa jeti, dogo sana. Petroli iliyokaa miezi inaganda humo, na mashine inawaka ukiiwekea choki, kisha inazimika ukitaka iende. Fundi wa pupa huchomeka waya. Waya unalipanua tundu, na kuanzia siku hiyo mashine inakunywa petroli kuliko inavyostahili mpaka mwisho wa umri wake. Fundi mwenye adabu huchukua chelewa kutoka kwenye ufagio, hulichonga ncha, hulipitisha polepole, halafu hupuliza. Nimeona mashine zilizoshinda vifaa vya mjini zikaponywa na ufagio wa uani. Mnazi, kama nilivyosema, umeshasifiwa sana, lakini kwa hili wameusahau.

Majirani ni sura nyingine. Kamba ya kuwashia ikivutwa asubuhi bila majibu, mtaa unahesabu. Wa kwanza huja na ushauri, wa pili huja na bisibisi, wa tatu huja na kahawa, na wa nne ni fundi wa pikipiki ambaye hajawahi kwenda baharini lakini ana neno la kusema kuhusu kila kitu kinachowaka. Mashine ingewaka mara ya kwanza, nani angenijulia hali? Kuna jamaa tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Alinisikia nikivuta, akavumilia, akavumilia, mwisho akachungulia juu ya makuti akasema, "Mzee, hewa inaingia pale kwenye gasketi." Ilikuwa kweli. Tukakata gasketi mpya kwenye boksi la biskuti. Suala la mpaka bado liko pale pale, ila tunaligombania tukiwa tumekaa pamoja.

Mke wangu haioni neema hii, na sababu yake ni pipa. Mashine ikitoka kwenye maji ya chumvi inapaswa kuzungushwa kwenye maji baridi, la sivyo chumvi inakauka kwenye njia za kupozea na kuziziba. Pampu yake ni kigurudumu cha mpira kinachovuta maji chini, kinayazungusha kwenye injini, kisha yanatoka kwa kijito chembamba nyuma. Fundi huuliza, "Inakojoa?" na wageni wanageuza nyuso. Isipokojoa, zima haraka. Kwa hiyo nahitaji pipa lililojaa maji ya bomba, na pipa tulilonalo ni la kufulia. "Baba watoto, shuka zangu zinanuka boti," ndiyo shukrani ninayopata kwa kulinda mali ya familia.

Kuna kipande cha zinki kwenye mguu wa mashine ambacho nacho kinastahili heshima yake. Kimewekwa ili maji ya chumvi yakile hicho na kuiacha alumini. Wapenda urembo hukipaka rangi kifanane na mwili mwingine. Rangi inakikinga, bahari inahamia kwenye mguu wenyewe, na baada ya misimu michache mguu una matobo na zinki inang'aa.

Marekebisho mengine nayafanya kwa hiari. Ngalawa yangu ina ncha mbele na nyuma, haina pa kupachika mashine, kwa hiyo nilichonga ubao wa kuishikilia ubavuni. Ubao ukiwa juu mno propela inameza hewa na mashine inapiga kelele bure. Ukiwa chini mno inalima. Tumeupandisha na kuushusha mpaka ubao una matundu mengi kuliko mbao. Marekebisho hayo hayajaongeza mwendo. Yameongeza mazungumzo.

Nani asiyejua kwamba samaki wa pwani hii wamepungua? Nasema bila majivuno kwamba sijaona mradi wa hifadhi uliowaokoa changu na tasi kwa uaminifu kama wa mashine yangu. Mwezi ukiandama vizuri na bahari ikitulia, ndiyo siku inayochagua kukataa. Halafu kuna tanga. Vijana wenye mashine mpya wanaosafiri kuelekea Saadani hawabebi hata kamba ya foromali. Wangu wanajua kulipandisha tanga gizani, wanajua kaskazi inavyogeuka mdomoni mwa mto Ruvu, wanajua upondo unapofika chini na unapokosa. Hakuna aliyewaketisha kuwafundisha. Walikuwa katikati ya bahari na kitu kimezimika, basi wakajifunza.

Mke wangu alipiga hesabu, akasema pesa za vipuri zingenunua mashine mpya. Sikubishana, kwa kuwa hesabu yake ni sahihi. Hizo mpya nazijua: zimetulia, hazitoi moshi, na ikizima fundi anakuja na kompyuta, anasoma, anaondoka, na mwenye mali anabaki hajui kilichotokea. Mtu hulipa mamilioni ili awe mgeni kwenye tezi ya boti yake mwenyewe.

Kwa hiyo wanaoniuliza bei wasichoke bure: haiuzwi. Anayetaka kuiona aje Jumamosi asubuhi, nitakuwa uani na kahawa itakuwepo. Ila aje na spana yake namba 10, kwa maana yangu iliazimwa na jirani tangu Ramadhani na bado namsubiri.