Sifa za Ndugu Niliyemdhamini

Kwenye ngoma ya ohangla hakuna sifa za bure. Anayetaka kumtukuza mjomba wake, mpenzi wake au nafsi yake humpelekea mwanamuziki noti, ngoma hutulia kidogo, naye hupewa kipaza sauti amwage majina yote ya kujitapa aliyo nayo. Waluo wanauita mchezo huo pakruok, na kanuni yake ni moja: pesa kwanza, maneno baadaye. Kwa kanuni hiyo, sidhani kama kuna mtu Rongo nzima mwenye haki ya kusifu kuliko mimi. Nimekwisha kulipa. Nalipa kila mwisho wa mwezi, tena kabla mshahara haujanifikia, na zamu yangu ya kipaza sauti sijawahi kuidai. Basi nyamazisheni ngoma. Namsifu mtoto wa shangazi yangu, simba wa makato, bwana wa laini tatu za simu, mtu niliyemdhamini kwenye sacco, chama chetu cha akiba na mikopo.

Nianze na adabu yake. Wengine wakija kukopa huja na uso wa msiba na kukushika shati barabarani. Huyu alikuja nyumbani jioni, saa ambayo hata ukisema una shughuli hakuna atakayekuamini, akiwa na mkate mkubwa na kilo mbili za sukari. Kuleta sukari huku, ambako miwa ya kwenda Awendo inaanzia karibu mlangoni pa mtu, kunahitaji moyo wa kifalme. Alimwita mke wangu nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo, kama anavyopenda kuitwa. Aliulizia goti la mama. Aliwaita watoto mmoja mmoja kwa majina, na hakukosea hata moja. Alikula, akasifu kuku, akasifu na mchuzi wa kuku.

Fomu haikuonekana hadi sahani zilipoondolewa. Ilichomoka kwenye bahasha ya kaki ikiwa haina hata mkunjo, imejazwa tayari: jina langu kamili, nambari ya kitambulisho, na nambari ya uanachama ambayo mimi mwenyewe huwa naitafuta kwenye droo. Nafasi moja tu ndiyo iliyobaki wazi, ile ya sahihi, na kalamu ilishatolewa kifuniko.

"Omera, hii ni karatasi tu," alisema. "Wewe hutoi hata shilingi moja."

Sijawahi kusikia ukweli mtupu kama huo. Sikutoa hata shilingi moja. Zilichukuliwa.

Kwa msomaji ambaye bado hajapata baraka hii, nieleze kidogo. Sacco nyingi za Kenya humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya amana yake. Mwenye 200,000 anaweza kutoka na 600,000. Sasa, zile 400,000 za juu zinalindwa na nini? Shamba haliwezi, kwa sababu hati bado ina jina la babu, na babu tulimzika zamani. Gari hana. Zinalindwa na amana za watu wanne watano ambao kila mmoja alitembelewa jioni yake na kuletewa mkate wake. Mkopaji akikwama, chama hunyakua kwanza amana yake mwenyewe, kisha salio linagawanywa kwa wadhamini. Hakuna dalali, hakuna kengele ya mnada, hakuna sofa inayobebwa majirani wakiangalia. Siku ya mshahara unafungua orodha ya makato na, chini ya bima ya afya na ushuru wa nyumba, unakuta mstari mpya ambao haukuwepo mwezi uliopita. Ni ukatili uliofuliwa ukapigwa pasi. Na kwa kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, naweza kushuhudia mbele ya hadhara hii kwamba ndugu yangu ni raia mtiifu: theluthi yangu ya mwisho hajaigusa.

Maadui zake humwita mwizi. Wanamwonea. Alikopa ili alime miwa, na miwa aliilima kweli, niliiona kwa macho yangu. Tatizo lake ni la hesabu. Mua hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na baada ya kukatwa kuna kusubiri malipo, ambako ni msimu mwingine peke yake. Mkopo nao huanza kudaiwa mwezi unaofuata, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na riba haijui kama mvua imenyesha. Ofisa wa mikopo alilijua hilo. Ndugu yangu alilijua. Pengine hata kuku alilijua. Kiwango cha udhamini kiliandikwa kwenye fomu kwa tarakimu na kwa maneno, lakini hakuna aliyeuliza fedha za miezi kumi na minane ya mwanzo zitatoka wapi, kwa maana jibu lilikuwa limeketi mezani likichokonoa meno.

Uhodari wake mwingine ni wa kuchagua mji. Rongo ni mji wa njia panda: barabara kuu inatoka Kisii, inapita kuelekea Migori hadi mpakani Isebania, na hapa hapa inachepuka ile ya Homa Bay. Mtu anayedaiwa hawezi kuishi mahali penye njia moja. Ukimwona kwenye steji upande wa magari ya Kisii na ukaanza kuvuka barabara kwa tabasamu, kabla hujafika utaambiwa amepanda la Homa Bay. Simu yake ya kwanza haipatikani, ya pili inatumika, ya tatu hupokewa na mtoto anayesema baba amekwenda kuoga. Huoga sana huyu ndugu. Ni msafi.

Ila matangani hakosi kamwe. Huko huketi mbele, chini ya hema, na mchango ukianza husimama na kutoa 5,000 mbele ya kipaza sauti, huku mimi nikitoa 500 na kurudi kiti cha nyuma. Watu humpigia makofi. Nami hupiga kwa nguvu kuliko wote, maana ni nadra kuona pesa zako zikisifiwa namna ile.

Ufaransa, mwaka 1546, mwandishi François Rabelais alimfanya mhusika wake Panurge, mdaiwa sugu, ahubiri kwamba madeni ndiyo yanayoushikilia ulimwengu. Hoja yake mojawapo ni kwamba hakuna anayeombewa uhai kama mtu anayedaiwa, kwa kuwa wanaomdai wanaogopa afe na pesa zao. Panurge hakuijua sacco. Mikopo ya vyama vyetu kwa kawaida hukatiwa bima ya kifo: mkopaji akifariki, bima hulipa na wadhamini huachiliwa. Kwa hiyo nikisema namwombea ndugu yangu maisha marefu, ifahamike kwamba nayaomba kwa upendo mtupu, bila faida yoyote, tena kwa hasara inayojulikana.

Wasomi watanitajia Antonio, yule mfanyabiashara wa Shakespeare ambaye Julius Nyerere alimleta kwenye Kiswahili mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi. Antonio aliweka rehani ratili moja ya nyama ya mwili wake ili rafiki yake Bassanio apate fedha za kwenda kuposa. Wahenga wetu walikwishasema, kukopa harusi, kulipa matanga, na Bassanio alikopa kwa ajili ya harusi hasa, matanga nusura yawe ya Antonio. Lakini Antonio alikuwa na bahati. Mke wa rafiki yake alijua sheria. Mke wa ndugu yangu, kila nikifika, ananiambia amesikitika sana na kuniuliza kama nina mia mbili za unga.

Wapo wanaodai kwamba mikopo ya simu imeumaliza udhamini. M-Shwari ilianza mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019, na Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 2022, ikianza na mkopo wa 500 bila mdhamini yeyote. Vizuri. Lakini tukumbuke zile programu za mikopo zilizoingia kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia watu wote aliohifadhi humo, kuanzia mwalimu wake wa zamani hadi fundi wa cherehani, kuwaarifu kwamba fulani hajalipa 1,800. Huo ulikuwa udhamini bila sahihi, na ulikuwa umeshawaaibisha wengi kabla ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuukataza. Ndugu yangu alikuja kwa miguu yake. Alileta mkate.

Tena alikuja na kalamu, nami naistahi kalamu ile. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi na iwe na sahihi ya aliyeahidi, la sivyo haina kesi. Sheria inanipa na mimi meno: nikishakatwa, naweza kumdai mkopaji, hata mbele ya baraza la kuamua migogoro ya ushirika. Haki yangu ipo, imechapwa. Sasa nimpeleke nani? Mtoto wa shangazi? Siku mama atakapofariki, hema litafungwa na nani, na ng'ombe atachinjwa na nani?

Hapo ndipo ilipo hekima ya mpango mzima. Raiffeisen, yule meya wa Ujerumani aliyeanzisha vyama vya mikopo vya vijijini katika karne ya 19, alijenga juu ya imani kwamba jirani anamjua jirani. Ni kweli. Ila jirani pia anamwogopa shangazi. Benki hukopesha juu ya hati ya shamba. Chama hukopesha juu ya ugumu wa kusema hapana mezani kwako, mbele ya mgeni aliyekwisha kula. Mali hiyo haiozi na haina haja ya kupimwa na mthamini, na familia zetu zimeiweka kwa wingi.

Binamu mmoja, muuguzi, alikataa. Alisoma fomu yote, akairudisha kwenye bahasha, akamwongeza mgeni chai. Amana yake iko nzima hadi leo, hata thumni haijapungua. Lakini tangu hapo hakuna kikao cha ukoo ambacho jina lake halitajwi watoto wakifundishwa uchoyo ni nini, na ndugu yangu mwenyewe ndiye anayefundisha. Makato yangu yana mwisho, umeandikwa. Ya kwake sioni yatakapokwisha. Nikiweka hesabu zote mbili kando kwa kando, sina hakika ni nani kati yetu aliyelipa ghali zaidi, na hiyo, nadhani, ndiyo sifa kuu ya mtu huyu: amefanya kusaini na kukataa vyote viwe hasara.

Nimesikia minong'ono kwamba ningejitoa tu kwenye chama, nichukue kilichobaki niende zangu. Haiwezekani. Mdhamini hapewi amana yake hadi mkopo aliodhamini ulipwe wote, au apatikane mwanachama mwingine wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo wewe msomaji, kama una amana isiyofungwa, na tukichimba vizuri tukakuta bibi zetu walichota maji kisima kimoja, niambie jioni gani uko nyumbani. Fomu ninayo, nimeshaanza kuijaza.