Sifa za Buti Finyu

Watu husifu gari kwa mambo yanayoonekana na kusikika: wataisifu injini kwa ngurumo yake, wataisifu rangi kwa mng'aro wake, na wakiliona gari la spoti la zamani, lenye viti viwili na pua ndefu, limeegeshwa karibu na soko la Iringa, watalizunguka mara mbili wakilipapasa na kuuliza liliundwa mwaka gani, lakini katika umri wangu wote sijapata kumsikia mtu akisimama nyuma ya gari hilo, akainua kifuniko, akachungulia ndani ya kile kishimo ambacho waundaji kwa ukarimu wao walikiita buti, akasema, "Alhamdulillahi, hapa ndipo penye fadhila." Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Kwa kuwa wanishindao kwa ufasaha wamekaa kimya, nimejitwika mimi kazi ya kulisifu buti finyu, na namwomba msomaji mwenye gari kubwa anistahimilie hadi mwisho, maana yeye ndiye mwenye haja zaidi ya mawaidha haya.

Kila asifiwaye hutajiwa kwanza nasaba yake, na nasaba ya buti finyu si ya kuonewa haya. Karibu na mji wa Iringa, katika korongo la Isimila, zimehifadhiwa zana za mawe za watu wa zama za kale, na atakayezitazama ataona kwamba shoka moja la mkononi, lililochongwa pande mbili hata likapata ncha na makali, lilimtosha mwenyewe kwa kukata, kuchuna na kuvunja. Watu wale walizivuka nyanda hizi bila sanduku, na safari zao hazikusimama. Karne zikapita, magari yakaja, na mwaka 1953 yakaanzishwa mashindano ya Safari katika Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari ya kila aina yalijaribu bahati yao katika matope yale, na mwaka 1963, katika magari 84 yaliyoondoka, yakamaliza 7 tu. Lakini mwaka 1971 ushindi ulitwaliwa na gari la spoti la viti viwili, Datsun 240Z, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 gari la namna hiyohiyo likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alilingana alama na Harry Källström hata ikabidi itazamwe kanuni ya kuwatenga. Katika habari zote za mashindano yale nilizopata kusoma, sijaona palipoandikwa kwamba dereva fulani alishindwa kwa kukosa mahali pa kuweka pasi, mto wa pili, au jozi ya tatu ya viatu.

Fadhila ya kwanza ya buti finyu ni uadilifu. Usiku wa kuamkia safari ya Mbeya, mwenye gari hutandika mkeka barazani, akapanga juu yake kila kitu anachodhani kuwa hawezi kuishi bila hicho, na jumla yake hutosha kumhamisha mtu na jamaa zake. Hapo buti hufunguliwa, na hukumu huanza. Mahali pa heshima pamekwisha kukaliwa na tairi la akiba, ambalo limelala chali katikati wala hapana awezaye kulisogeza. Ubavuni mwake pana jeki na spana ya magurudumu. Kisha sheria huingiza pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, maana trafiki wa njiani hupenda kuviona. Na kidumu cha maji cha lita tano hudai haki yake kwa niaba ya rejeta. Kilichosalia baada ya wenye haki hao ndiyo milki yote ya dereva na abiria wake. Sanduku gumu la ngozi lenye pembe za shaba, lililorithiwa kwa babu, hujaribiwa kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na kila mara hurudishwa barazani bila kuangaliwa uso. Mfuko laini wa kitambaa, usio na jina wala ukoo, hukaribishwa papo hapo kwa sababu umekubali kujikunja. Ndani ya bakuli la tairi la akiba, mahali ambapo mwenye buti kubwa hutupa maganda ya karanga, huingia plagi, mkanda wa feni, waya kidogo, bisibisi, na ule mpira mrefu uliokatwa katika tyubu kuukuu, ambao hufunga mzigo, huziba bomba linalovuja, na huning'iniza ekzosi iliyokatika mpaka mtu afike kwa fundi. Soksi hushindiliwa katika vikombe, vikombe huviringwa katika shati, na shati la pili, ambalo jana lilihesabiwa kuwa la lazima, leo hutambulikana kuwa lilikuwa majivuno.

Fadhila ya pili ni elimu ya milima. Kwa atokaye pwani, barabara kuu huacha joto na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, ikaupanda mlima Kitonga kwa kona zilizokunjana hadi kwenye baridi ya Ilula, na huko mtu hujifunza kwamba kilo iliyopakiwa Morogoro kwa kicheko hupandishwa Kitonga kwa kilio. Malori yenye makontena hutambaa kwa gea ya kwanza, na likikwama moja, utingo huruka na gogo mkononi kulitia nyuma ya gurudumu, kisha akakata matawi ya miti na kuyalaza barabarani ili kuwaonya wajao. Yale yateremkayo huacha nyuma yao harufu ya breki zilizoungua. Katika njia ya namna hiyo uzito ni adui wa kila upande: wakati wa kupanda huvuta nyuma, wakati wa kushuka husukuma mbele, na katikati ya kona hutaka kunyooka wakati barabara imekwisha kugeuka. Gari la spoti, ambalo furaha yake yote imo katika kuingia kona kwa gea iliyo sawa na kutoka kwa mwendo uliotimia, likitwikwa mzigo mkiani hupoteza adabu. Pua huwa nyepesi, usukani huwa mzembe, na mkia hutaka kuongoza msafara. Nahodha wa jahazi alilijua jambo hili zamani, akaiweka farumi chini ngamani wala hakuirundika shetrini. Buti finyu humtia mwenye gari hekima hiyo ya nahodha bila kumpeleka chuoni. Wahenga waliosema tamaa mbele, mauti nyuma, hawakupata kuliona gari la spoti, lakini ni dhahiri waliujua mgawanyo wa uzito wake.

Na asiyeridhika na ushahidi wa Kitonga aondoke Mbeya kwa njia ya Chunya, iliyopanda mlima kufuata dhahabu ya Lupa, hadi kimo cha zaidi ya mita 2,400. Huko juu hewa imekuwa haba, na kabureta ya zamani, isiyojua kujirekebisha, huendelea kumimina petroli kana kwamba iko Tanga. Injini hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na maji ya rejeta ambayo kifuniko chake kimechoka huanza kutokota kwenye nyuzi 92 bila kungoja 100. Mahali kama hapo ndipo msafiri humshukuru yule aliyemnyima nafasi ya kuchukua seti ya masufuria.

Historia ya barabara kuu yenyewe ni shahidi wa tatu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mnamo Novemba 1965, Zambia ilikatikiwa na njia ya mafuta ya kusini, ikawa petroli hupakiwa katika mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, katika njia iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Watu wa wakati ule waliiita njia ya jehanamu, na sidhani walitia chumvi. Bomba la TAZAMA likamalizika mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Hivyo serikali mbili zilihitaji bomba, lami na reli ili kuupunguzia mlima mzigo. Buti finyu hufanya kazi iyo hiyo kwa kukataa kufungika.

Lakini fadhila iliyo kuu ni kwamba humlinda mwenyewe na ukarimu wa watu. Nyanda za Juu Kusini zimejaliwa neema nyingi: vitunguu na nyanya za Ilula, chai ya Mufindi, parachichi za Njombe na Rungwe, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, na viazi vya Uporoto vinavyoshindiliwa katika gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kichwa juu ya mdomo wake na kufumwa kwa kamba, hata mkulima akauza gunia na nusu kwa bei ya gunia moja. Mwenye pikapu hawezi kupita katika neema hiyo akabaki huru. Atapewa kimzigo cha shemeji, mkungu wa bibi, na jogoo aliyefungwa miguu wa kumfikishia mtu ambaye hata jina lake hakutajiwa vizuri. Mwenye buti finyu hufika Tukuyu, akala, akashiba, akaaga kwa heshima zote; na shangazi hutokea nyuma ya nyumba akiburura gunia.

"Mwanangu, chukua hivi viazi, japo ni vichache."

"Ahsante sana, shangazi. Hebu njoo ulitazame buti mwenyewe."

Shangazi huja, hutazama, hunyamaza. Kisha hulikagua gari lote toka pua hadi mkia, akamtazama na mwanawe kwa huruma ya kweli, akauliza, "Na hili ulilinunua kwa fedha?" Basi huchagua viazi sita, akavifunga katika kipande cha khanga, na kijana huondoka amepewa kwa kadiri ya haja yake, undugu haukuvunjika, wala springi hazikuvunjika. Maneno ya kukataa yangelichukua saa nzima na yangeliacha kinyongo. Buti limekataa kwa kufunguliwa tu.

Wako walitiao ila. Husema kwamba linanuka petroli. Nami hujibu kwamba kwa harufu hiyo hapana athubutuye kuweka chakula humo, na kwa hiyo msafiri hula wali na maharage ya moto Makambako, na mahindi ya kuchoma mahali popote aonapo moshi. Husema kwamba joto la ekzosi hupenya sakafuni; nami nimeona parachichi lililoingia gumu Tukuyu likatoka Iringa limelainika, tayari kwa mkate, bila kuwekwa katika majani. Husema kwamba kifuniko hakifungi mpaka kipigwe goti pembeni, upande wa kushoto, mara mbili. Na hiyo ndiyo kufuli iliyo bora, kwa kuwa funguo huibiwa, bali goti mtu hutembea nalo. Hatimaye hutoa hoja ya baridi, wakisema kwamba mwezi wa Juni hapana apitaye Mafinga salama bila sweta zito, blanketi na koti, na vyote hivyo haviingii. Haviingii, nakubali; lakini sweta liliumbwa livaliwe, na mtu anayetetemeka kwenye usukani huku koti lake limelala usingizi butini ana haja ya tabibu kuliko ya buti kubwa.

Ama hilo buti kubwa, ambalo kwa insafu lazima nilitaje, lina ila moja tu, nayo ni kwamba halijui kusema hapana. Hupokea kila kitu, likakificha, na siku ya pancha, usiku, katika mvua ya Uyole, mwenyewe husimama akipakua maisha yake yote kando ya barabara ili aifikie jeki iliyo chini. Mwenye buti finyu hana taabu hiyo. Hana cha kupakua.

Kwa hayo nashauri kwamba kila atakaye kuoa, kila agombeaye kiti, na kila apangaye makadirio ya fedha za watu, apewe kwanza gari la viti viwili na safari ya milimani, aambiwe apakie. Na mtu akiniuliza kama mimi mwenyewe nisingependa buti kubwa zaidi kidogo, nitamjibu bila kuficha: ningelipenda mno, na ndiyo sababu haifai nipewe.