Ukija Meru Kuwinda Kwanta ya Mvutano

Umekuja Meru kutafuta ushahidi kwamba mvutano ni wa kwanta? Karibu, ila jihadhari na wenye ushahidi wa haraka. Ikweta inaikata barabara kati ya mji wa Meru na Nkubu, na palipo na ikweta hapakosi ndoo. Fundi wa ndoo, hasa upande wa Nanyuki, atatia njiti ya kiberiti majini: hatua chache kaskazini inazunguka hivi, hatua chache kusini vile. Mpe chake. Ndoo ni ndogo mno kuhisi dunia ikizunguka. Maji yanafuata mkono ulioyamimina.

Ukifika Embu, dalali wa makadamia atadai kilo zako zimepungua kwa sababu ya ikweta. Ana ukweli kidogo: dunia imetuna kiunoni, tena inazunguka, basi mvutano wa hapa ni 9.78 m/s² na wa Ncha ya Kaskazini 9.83. Lakini hata mizani ya springi iliyorekebishwa huko nchani itakupunguzia nusu kilo tu katika kilo 90. Zilizobaki muulize yeye.

Jaribio la kweli la kwanta ya mvutano ni hili. Mwaka 2017 wanafizikia Sougato Bose na wenzake, na mbali nao Chiara Marletto na Vlatko Vedral, walipendekeza mawe mawili madogo yawekwe karibu, kila moja likiwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Bose alitaja almasi ya sehemu moja ya trilioni mia ya kilo. Yaachwe sekunde mbili tatu, yasiguswe na lolote ila mvutano. Yakitoka yamefungamana kikwanta, mshenga wao, yaani mvutano, naye lazima awe wa kwanta. Mshenga wa kawaida hawezi kuoza wawili wa aina hiyo.

Bado hakuna aliyefaulu. Huko Vienna, mwaka 2021, watafiti walitangaza kupima mvutano wa gololi ya dhahabu ya miligramu 90, mzigo wa tembo ukilinganisha na almasi ya Bose. Iliwabidi wapime usiku, msimu wa Krismasi, tramu na wapita njia wapungue.

Hapo ndipo Meru itakushinda. Miraa hunyauka upesi, haisubiri sikukuu ipite. Weka almasi zako, zima pampu, shika pumzi. Na ukiona taa mbili za gari la miraa zinateremka kwa kasi kutoka mji wa Maua, anza kuhesabu upya.