Sifa za Memori Iliyojaa

Katika fasihi simulizi ya Rwanda umo utanzu uitwao amazina y'inka, ambamo ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu na waliofugwa kwa heshima ya ikulu ya mfalme, husifiwa kwa maneno yanayowafaa mashujaa wa vita. Kwa kuwa Kigali ni mrithi wa desturi hiyo, haitakuwa utovu wa adabu mnyama mwingine akitungiwa sifa zake, ingawa huyu hana pembe, hatoi maziwa, na kazi yake ni kula tu, naye ni hali ya kuishiwa memori katika seva ya mafaili. Seva ya mafaili ni kompyuta inayotunza nyaraka za ofisi nzima ili wafanyakazi wengi wazifungue kupitia mtandao wa ndani. Memori ni meza ambayo juu yake kompyuta hiyo hutandaza kazi ya sasa, tofauti na diski, ambayo ni kabati lisilopoteza kitu hata umeme ukikatika. Meza inapojaa pomoni, kabati likiwa bado na nafasi tele, ndipo mtukufu huyu huwa amewasili.

Nasaba yake haina doa. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuutunga mfumo wa Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, waliulea ndani ya mashine ya PDP-7 yenye memori ya maneno 8,192 tu ya biti 18 kila moja, yaani chini ya kilobaiti 20, kiasi ambacho leo hakitoshi hata picha nzuri ya kitambulisho. Uhaba, basi, ndio mwenyeji katika ukoo huu na utele ni mgeni wa juzi.

Huduma inayoziwezesha kompyuta za Windows kusoma mafaili ya seva ya Unix huitwa Samba, na mtungaji wake, Andrew Tridgell wa Australia, alilipata jina hilo kwa kuiamuru kompyuta imtafutie katika orodha ya maneno ya Kiingereza yale yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Angalitumia kamusi ya Kiswahili angaliletewa simba, shamba na sumbua, na pengine hilo la mwisho lingalifaa zaidi, kwa sababu Samba huipa kila kompyuta inayojiunga mtumishi wake, yaani mchakato unaojitegemea na kudai sehemu yake ya memori. Saa 3 asubuhi, ambayo tangu Januari 2023 ndiyo saa rasmi ya kuanza kazi Rwanda, watumishi hao huzaliwa kwa makumi na meza huanza kubanana.

Hata hivyo, mtukufu huyu hajionyeshi kwa limbukeni. Fundi mchanga huendesha amri ya free, akaona memori iliyo tupu ni kidogo mno, akapiga kelele; kumbe Linux, mfumo wa ukoo wa Unix unaoiendesha seva hiyo, kama mwenye nyumba asiyependa chumba kikae bure, huijaza nafasi isiyo na kazi kwa nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huitoa mara programu inapoihitaji. Mlaji halisi hupendelea usiku, saa za kutengeneza nakala za akiba. Programu ya rsync, ambayo nayo asili yake ni Tridgell, kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2008 iliorodhesha mafaili yote katika memori kabla ya kunakili hata moja, kwa baiti 100 hivi kwa kila faili, hata ofisi yenye mafaili milioni 10 ikalipa gigabaiti nzima kwa ajili ya orodha tupu. Matoleo ya baadaye yana kiasi, lakini kiini cha mfumo chenyewe hubaki na kumbukumbu ya jina na mahali pa kila faili lililopitiwa, na ulaji huo hauandikwi chini ya programu yoyote, hivyo fundi hujumlisha michakato yote, akakuta hesabu haifiki hata nusu, na hukesha mpaka afikirie kuendesha slabtop, amri inayoonyesha memori inayoliwa na kiini chenyewe.

Memori ikiisha kabisa, Linux huketi kama hakimu, huipa kila programu alama kulingana na ulaji wake, na yenye alama nyingi hufungwa kwa nguvu bila rufaa. Uzuri wa hukumu hiyo ni kwamba aliyenenepa si lazima awe ndiye mwizi: hifadhidata ya mishahara, iliyo kubwa kwa haki yake, huweza kuondolewa huku ikisazwa programu ndogo inayovuja, yaani inayoomba memori kila mara na kusahau kuirudisha. Yote huandikwa katika daftari la mfumo, linalosomwa kwa amri ya dmesg, kwa jina, namba na kiasi kilicholiwa. Ni vikao vichache vyenye muhtasari kamili namna hiyo.

Kabla ya hukumu huja kipindi cha neema, ambapo seva huhamishia kazi zake kwenye sehemu ya diski iliyotengwa iwe meza ya akiba, na jambo la sekunde moja huchukua dakika kadhaa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Wanyarwanda huacha shughuli zao kwa ajili ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Seva iliyoelemewa huitisha mkutano wa aina hiyo bila kungoja Jumamosi, na mhasibu hujikuta varandani na mkuu wa idara, wakiulizana nani amefungua nini.

Dawa inayopendwa ni kuizima seva na kuiwasha upya, ambayo hufuta ushahidi wote uliokuwa katika memori, na ya pili ni kununua memori zaidi. Programu inayovuja megabaiti 50 kwa siku, ikiongezewa gigabaiti 8 katikati ya Januari, itazimaliza kwa siku 163, yaani siku za mwisho za Juni, mwaka wa fedha wa Rwanda unapokaribia kufungwa tarehe 30 na kila mhasibu anapolitaka faili lake kwa wakati mmoja.