Namna ya Kuishi na Paka Mwenye Sukari na Kubaki na Heshima Mtaani

Kwanza tafuta paka anayestahili. Awe dume, amehasiwa, amepita miaka saba, na awe na kilo saba za mwili ambazo hakuzitolea jasho. Kisukari kinaweza kumpata paka yeyote, lakini hawa ndio wateja wake wakubwa. Paka wa soko la samaki la Feri hakufai: anashinda akigombea utumbo wa changu na kunguru, na unene hajui unauzwa wapi. Unamtaka wa ghorofani Upanga, anayehama kutoka kochini hadi kwenye kapeti na kufika amechoka, bakuli lake la chakula kikavu likiwa halikauki usiku na mchana, na kila Ijumaa anaongezewa ubwabwa wa nazi kwa sababu "naye kiumbe". Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama. Wanga anaula kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Ukishampata, msubiri akonde. Hapa utafurahi sana. Miaka yote umekuwa ukisema huyu paka apungue, na sasa anapungua mwenyewe, bila mazoezi, tena huku anakula sahani mbili. Jisifu kwa wageni. Usijiulize kwa nini anakunywa maji mpaka ya kwenye ndoo ya chooni, wala kwa nini mchanga wake unalowa kama umemwagiwa beseni. Na ukiona sisimizi wamejipanga kuuendea mchanga huo, wafagie tu, ingawa waganga wa India ya kale waliutambua ugonjwa huu kwa kuona mkojo unaovutia sisimizi, na hao wa kwako wamekupimia bure.

Kisha lete dawa ya minyoo. Tanzania kila anayekula na kukonda ana minyoo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mpe dawa, msubiri, mpe tena. Wakati huo mgongo wake utaanza kuhesabika pingili moja moja, na miguu ya nyuma italegea, atembee kwa kulaza visigino chini kama mzee aliyevaa ndala za mtoto. Hiyo ni mishipa ya fahamu imeguswa na sukari. Ikidhibitiwa mapema, wengi hurudi kutembea sawasawa, kwa hiyo ukitaka mwongozo huu ukufae kikamilifu, chelewa.

Mwenye haraka aende kwa daktari wa mifugo. Huko atapimwa damu, na sukari itaonekana ipo juu, nawe utasema ni hofu tu. Safari hii, kwa bahati mbaya, una hoja: paka akifungiwa kwenye kikapu, akapandishwa bajaji, akakutana na mbwa mapokezini, sukari yake hupanda hata kama ni mzima. Ndiyo maana daktari makini huangalia na mkojo, au huagiza kipimo cha fruktosamini, kinachoeleza hali ya sukari kwa wiki mbili tatu zilizopita. Hofu ya asubuhi moja haiwezi kukidanganya kipimo hicho.

Sasa njoo kwenye njaa, maana ndiyo itakayokugombanisha na watu. Paka huyu hadanganyi. Insulini imepungua au mwili umeacha kuisikiliza, kwa hiyo sukari imejaa kwenye damu kama abiria kituoni Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni, na hakuna daladala inayosimama. Seli zinalia njaa. Mwili unaanza kula mafuta yake, kisha misuli yake, na figo zikizidiwa zinaimwaga sukari pamoja na maji. Ndiyo sababu anakunywa, anakojoa, anakula, na bado anakonda. Kumpunguzia chakula paka wa namna hii ili "sukari ishuke" ni kumsaidia ugonjwa kazi. Aliyebaki mifupa huongezwa chakula, na maji hayazuiwi hata siku moja. Kinachoituliza njaa hiyo ni insulini.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921 kwa majaribio juu ya mbwa. Si lazima paka ajue. Huchomwa chini ya ngozi, kila baada ya saa 12, na dozi ya kuanzia aliyopangiwa na daktari mara nyingi haizidi uniti moja au mbili. Sindano yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba paka akiwa ameinamia sahani hageuki. Anayetetemeka ni wewe. Wamarekani tangu Desemba 2022 wana kidonge cha bexagliflozin kwa paka ambao hawajawahi kutumia insulini, nacho kina masharti na hatari zake, lakini mtu aliyewahi kumlazimisha paka kumeza kidonge hatasita kuchagua sindano.

Kama nyumbani yupo Bibi naye ana sukari, friji lenu limepata chupa mbili zinazofanana, na hapa kejeli naiweka pembeni kidogo. Insulini ya binadamu kwa kawaida ina uniti 100 katika kila mililita. Iko ya mifugo yenye uniti 40, nayo ina bomba lake. Ukivuta insulini ya Bibi kwa bomba la paka, umempa paka dozi mara mbili na nusu. Andikeni majina kwa kalamu ya wino mzito, na vidonge vya Bibi vibaki kuwa vya Bibi.

Haya, turudi kwenye dharau. Baada ya sindano, chakula kibadilishwe: protini nyingi, wanga kidogo sana. Cha makopo ndicho chepesi kupima, na bei yake itakufanya umheshimu paka. Ukiamua kupika, samaki au kuku wa kuchemsha bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Hiyo inaondoa mchuzi wowote uliowahi kupikwa Pwani. Supu usimwage: paka anahitaji taurini, na ikichemshwa hukimbilia kwenye maji. Nyama tupu pia haina kalisi ya kutosha, na maini ya kila siku humjazia vitamini A hadi kumdhuru, kwa hiyo mpishi wa paka anahitaji daktari kuliko mpishi wa harusi. Tena mwambie daktari kabla ya kuubadilisha mlo, si baada. Wanga ukipungua na insulini ikabaki ile ile, sukari inaweza kuporomoka.

Ndipo wanaingia wanafamilia. Dada wa kazi anampa dagaa wakati wa kuwachambua. Watoto wanamwangushia andazi kwa bahati mbaya, kila siku, mahali pale pale. Bibi anaamka alfajiri kuswali na kumkuta kaketi mlangoni.

"Masikini, hajala huyu tangu jana."

"Bibi, kala saa mbili usiku."

"Basi mbona ananiangalia hivi?"

Bibi anajichoma sindano mwenyewe na habari za wanga anazijua kuliko chuo kizima, ila elimu hiyo haimhusu paka. Ukizidi kubisha atakukumbusha yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Mjibu kwa adabu kwamba yule alimfungia bila kumlisha, wewe unampimia kwa gramu. Hatashawishika. Mgawie mlo wa siku mara nne au tano, fungu moja umkabidhi Bibi rasmi alitoe yeye alfajiri. Kiasi hakiongezeki, na nyumba inapata amani.

Uzito ufuatwe kila wiki, na hapa nakushauri usiende buchani. Mizani ya mwenye bucha ni nzuri, lakini mtaa mzima una maoni tayari kuhusu mishkaki yake, na wewe kuonekana ukitoka pale na kikapu kitupu hakutamsaidia yeyote. Tumia ya kupimia watoto wachanga. Aliyekonda kwa ugonjwa, unataka aongezeke. Aliye bado mnene huku sukari imetulia, ndiye sasa wa kupunguzwa, nusu asilimia hadi asilimia mbili kwa wiki: kwa kilo saba ni kati ya gramu 35 na 140. Ukimkondesha kwa pupa, mafuta yatalikimbilia ini na kulijaza, na hapo utaukumbuka ubwabwa kwa hamu. Na kama sukari iko sawa lakini bado anakula na kukonda, usimzidishie sindano kwa hasira. Daktari aangalie tezi la shingo, kongosho, figo na meno.

Asali usiifiche mbali. Baada ya miezi ya kuilinda nyumba dhidi ya utamu, siku akianza kuyumba, kutetemeka au kuzubaa baada ya sindano, ni asali hiyo hiyo utakayompaka kwenye fizi, ukiwa njiani kwenda kwa daktari. Kupaka, si kumimina. Aliye kwenye degedege atapaliwa.

Paka wengine wakitibiwa mapema na kwa mpangilio huacha kabisa kuhitaji insulini. Ikitokea kwako, usimfanyie karamu ya biriani, sukari hurudi.

Mwishowe njaa itatulia. Asubuhi moja sahani itabaki na chakula, na nyumba nzima itapiga vigelegele kwamba amejifunza kiasi. Akiwa ameacha vipande viwili akaenda kulala, shangilieni. Lakini akiwa amekataa kabisa, amejikunja, anatapika, usimchome sindano ya kawaida kwa sababu saa imefika, na usisubiri kesho. Piga simu. Daktari atapokea akiwa Kigamboni, mkono mmoja ndani ya ng'ombe anayezaa. Subiri autoe, kisha mtajie uzito, dozi na saa aliyokula mara ya mwisho, kwa mpangilio huo, kabla ndama hajamwita tena.