Pembe ya Kanga

Paliondokea kijiji cha mchwa ambao ukuta wao ulichakaa upesi, ikabidi waujenge upya kila baada ya siku nne au tano. Kila nyumba ilikuwa na kitabu kile kile cha amri. Tofauti ilikuwa kurasa, huku umefunguliwa ukurasa wa kujenga, kule umefungwa kwa uzi. Tena kila nyumba ilikuwa na kobe wawili, na kazi yao ilikuwa kumwambia fundi, "Inatosha, mjukuu wangu. Weka mwiko chini."

Uani waliishi sisimizi wapangaji. Walikula pumba na maganda, wakalipa kodi kwa mafuta. Mafuta hayo yaliwashibisha mchwa na kumtuliza Kanga, mlinzi mwenye pembe. Kanga akipuliza, siafu hutoka na mienge kupigana. Adui akiondoka, hunyamaza.

Kisha kijiji kikaacha dona, kikapenda sembe na soseji. Pumba zikakoma. Sisimizi kwa njaa wakaanza kutafuna lipu ya ukuta, siafu wakawanusa, Kanga akapuliza.

"Mjukuu wangu, adui yuko wapi?" akauliza kobe.

"Sijamwona, babu. Lakini nikinyamaza akaja?"

Simlaumu kwa kupuliza, maana bila yeye kijiji kingeliwa mapema. Ila alipuliza mwaka, akapuliza na wa pili. Mienge ikaunguza ukuta, mafundi wakajenga mbio mbio, wakanakili kitabu kwa pupa na kukosea herufi. Katika nyumba moja kobe mmoja akafa. Hakuna aliyeshtuka, kwani wa pili alikuwapo. Huyo naye alipokufa, fundi hakuwa na wa kumwambia inatosha. Akajenga kinundu, akaongeza, akaongeza. Ikapita miaka kama 10, kinundu kikapasua ukuta, na mafundi wake wakahamia kijiji cha ini.

Kijiji hicho ni utumbo mpana, kila nyumba ni seli, na kobe hao wawili ni nakala mbili za jeni ya APC, iliyoharibika katika takriban saratani 8 kati ya 10 za utumbo mpana. Kanga ni protini ya NF-kB, inayoamsha jeni za inflamesheni, ule mwako wa ndani ya mwili. Mafuta ya sisimizi ni butireti, ambayo bakteria hutengeneza kwa nyuzinyuzi za chakula chetu.

Kinundu kikiwa bado kidogo, daktari hukiona kwa kamera na kukikata papo hapo. Ndugu msomaji, ukiona damu kwenye choo usidhani ni bawasiri tu ukajitibu nyumbani. Nenda ukapimwe.