Klorini Imeisha? Mwaga Chumvi! Mwongozo wa Mwenye Bwawa

Hongera. Umefungua nyumba ya wageni ufukweni, umechimba bwawa, na muuzaji amekuhakikishia kwamba bwawa la chumvi halina habari ya klorini. Alichosahau kukuambia ni kwamba kazi ya mashine aliyokuuzia ni kupitisha umeme kwenye maji hayo ya chumvi ili itoke klorini ile ile. Sasa wageni wanaingia Ijumaa na maji yameshageuka kijani. Usihahe. Fuata hatua hizi, nayo yatabaki kijani hadi Pasaka.

1. Usipime chochote
Vipimo ni vya watu wasiojiamini. Mwite kijana wa bwawa, umuulize, "Maji vipi?" Akikujibu, "Yako poa, bosi," basi yako poa. Wapo wanaojisumbua kutafuta miligramu 1 hadi 3 za klorini huru kwa kila lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Waache. Ukilazimika kupima, chota maji ya juujuu pale pale yanapotoka kwenye bomba la kurudishia, maana ndiyo kwanza yametoka mashineni. Anayechota katikati ya bwawa, mkono umezama hadi kiwiko, anajitafutia habari mbaya.

2. Ilaumu chumvi
Mwaga gunia kwanza, maswali baadaye. Mashine nyingi zinataka miligramu kama 3,000 hadi 3,500 kwa lita. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu, lina lita 75,000, na gunia la kilo 25 linapandisha miligramu zipatazo 330 tu. Kwa hiyo endelea kumwaga mpaka mashine iwashe taa nyekundu na kujizima. Usijali kwamba chumvi haipandi hewani na mvuke, bali huondoka na maji yanayofurika wakati wa masika au yanayomwagwa chujio likisafishwa. Na kama magunia ni ghali, bahari si hiyo hapo? Ina miligramu kama 35,000 kwa lita, mara kumi ya unachohitaji. Ngazi za chuma zitakushukuru kwa kutu.

3. Okoa umeme
Washa pampu muda wa saa mbili asubuhi, kisha zima. Mashine haitoi hata tone la klorini kama maji hayapiti ndani yake, lakini bili itapendeza. Wenye mabwawa safi kwenye joto la pwani huiacha itembee saa nane au zaidi kwa siku, na umeme ukikatika huzifidia saa zilizopotea. Hao wana pesa za kuchezea.

4. Mwachie jua
Klorini isiyo na kinga huliwa na jua la mchana ndani ya saa chache. Dawa ya kuikinga ni asidi sayanuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza, na mabwawa mengi ya chumvi huhitaji miligramu 60 hadi 80 kwa lita. Wewe usitie kabisa. Au tia bila kupima mpaka ipite kiasi, ili klorini ionekane kwenye kipimo huku imelegea, haiui kitu.

5. Usifungue seli
Ndani ya seli, ile sehemu ya mashine inayopitisha umeme kwenye maji, mna mabamba membamba ya titani, na maji ya visima vya pwani, yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe, huyavika chokaa nyeupe mpaka nafasi kati yao izibe. Ukiiona, ichokoe kwa bisibisi. Utabandua na ule utando wa madini ghali unaotengeneza klorini, na muuzaji atafurahi kukuona tena. Waoga huloweka seli kwenye asidi iliyozimuliwa. Hapa kejeli ikae pembeni: vaa glavu na miwani, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na usiikutanishe asidi na klorini, kwani gesi inayotoka inaua.

6. Iamini pua
Wageni wakilalamika kwamba macho yanawasha na maji yananuka dawa, punguza klorini haraka. Usikubali kuambiwa kwamba harufu ile hutoka kwenye klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mikojo, na kwamba ni dalili ya klorini huru kuwa pungufu. Baadaye, ukishamwaga klorini ya kuokolea maji kupita kiasi, tone la kipimo litageuka waridi mara moja kisha rangi itoweke. Sema klorini hakuna, uongeze tena.

Aliyechoka na maji ya kijani atafanya kinyume cha yote haya, tena kwa mpangilio: apime klorini, pH, stabilaiza na chumvi, ashushe pH, kwa sababu mashine hizi huipandisha, nayo ikipanda klorini hudhoofika na chokaa hushika, ahesabu saa za pampu, aifungue seli na kuitazama. Fundi na seli mpya ni vya mwisho. Nunua kipimo cha matone leo, kabla hujanunua gunia lingine la chumvi. Bei yake haifiki hata robo ya bei ya seli.